Kirongozi na Bawabu: Maamuzi ya Njia kutoka Misafara ya Nyanza hadi Kuta za Moto za Mitandao

1.0 Utangulizi

Mafundi na wanafunzi wa kompyuta wanapozungumza Kiswahili, kifaa kinacholinda mpaka wa mtandao wa taasisi aghalabu huitwa "ukuta wa moto". Istilahi hii imetokana na tafsiri ya neno kwa neno, na imezua taswira mbili akilini mwa anayeisikia. Ya kwanza ni ya ukuta, kitu kisimamacho kimya na kuzuia kila kijacho. Ya pili ni ya moto, kitu kiunguzacho. Taswira zote mbili zinapotosha. Katika lugha ya waashi wa Kizungu, neno la asili lilihusu ukuta uliojengwa ili moto usivuke kutoka nyumba moja hadi nyingine. Moto ulikuwa adui wa ukuta huo, haukuwa sehemu yake. Tena, kifaa chenyewe hakisimami kimya. Kila pakiti ya data inapokifikia, hukilazimu kujibu maswali mawili: pakiti hii ielekezwe wapi, na je, iruhusiwe kupita?

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba maswali hayo mawili ni mambo mawili tofauti, na kwamba anayeyachanganya hawezi kukielewa kifaa hicho wala matukio yanayoupata mtandao wa nchi. Historia ya ufuko wa kusini wa Ziwa Viktoria, hususan Mwanza, inayatenganisha maswali hayo kwa uwazi kuliko neno "ukuta" linavyoweza. Katika historia hiyo walikuwapo watu wawili wenye kazi mbili: kirongozi, aliyechagua njia, na mwenye kushika lango, aliyetoa au kunyima ruhusa. Mhadhara unaanza na watu hao, unapitia enzi ya reli na meli, kisha unaeleza namna kifaa cha leo kinavyofanya kazi zote mbili. Mwisho unarejea kwenye suala la lugha.

2.0 Njia za misafara na hongo

Kufikia katikati ya karne ya 19, njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, na hapo ikagawanyika. Tawi moja lilikwenda magharibi hadi Ujiji. La pili lilielekea kaskazini-magharibi, likipita Karagwe hadi Buganda. La tatu lilikwenda kaskazini moja kwa moja, likikata Usukuma hadi kwenye ziwa ambalo wafanyabiashara waliliita Bahari ya Ukerewe. Ni kwa tawi hilo la tatu kwamba John Hanning Speke aliliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858, akiwa karibu na mahali ulipo sasa mji wa Mwanza. Ni kwa upande huo huo pia kwamba Henry Morton Stanley aliwasili Kageyi, kwenye Ghuba ya Speke, tarehe 27 Februari 1875, akaunganisha vipande vya mashua yake na kuanza kulizunguka ziwa.

Mfanyabiashara aliyekuwa Tabora na kutaka kufika Buganda alikuwa na njia mbili: ya nchi kavu kupitia Karagwe, au ya Usukuma kisha mitumbwi ya ziwani. Uchaguzi wake haukutegemea umbali pekee. Ulitegemea chakula na maji njiani, vita vilivyokuwapo, upatikanaji wa mitumbwi, na idadi ya watawala ambao nchi zao zingepitiwa.

Msafara ulipoanza safari, aliyetangulia alikuwa kirongozi, ambaye katika vitabu vya wasafiri wa Kizungu jina lake limeandikwa kwa tahajia mbalimbali. Alijua njia na kubeba bendera. Njia ilipogawanyika, watangulizi wa msafara waliweka tawi la mti juu ya njia isiyofaa, au wakachora mstari ardhini kuikata, ili mpagazi aliyechelewa nyuma asipotee. Ishara hiyo ndogo iliwatosha watu mamia. Hakuna mpagazi aliyehitaji kuijua ramani nzima. Alihitaji tu kujua, katika kila njia panda, mguu unaofuata uwekwe upande gani.

Hata hivyo, kirongozi hakuwa na mamlaka ya kuuruhusu msafara upite. Mamlaka hayo yalikuwa ya mtemi wa nchi, naye alilipwa hongo kwa nguo, shanga au waya. Kiasi kilijadiliwa, wakati mwingine kwa siku nyingi, na mpaka kilipwe msafara ulikaa. Katika matumizi ya wakati huo hongo ilikuwa ushuru wa kupita uliojulikana na pande zote mbili. Maana ya leo, yaani malipo ya siri ya kupotosha haki, imekuja kulifunika neno hilo baadaye.

Mambo mawili katika utaratibu huo yanahitaji kuzingatiwa. Kwanza, uamuzi wa njia ulitangulia uamuzi wa ruhusa. Msafara haukuweza kujua utamwomba nani ruhusa kabla ya kujua utapita wapi. Aliyechagua Karagwe alikutana na mtawala mmoja, na aliyechagua Usukuma alikutana na mwingine. Pili, uamuzi wa ruhusa ulirudi na kuathiri njia ya safari iliyofuata. Nchi iliyotoza hongo nzito ilikwepwa, na kirongozi akajifunza njia nyingine. Kazi mbili hizo ziliathiriana bila kuwa kazi moja.

3.0 Reli, meli na mpaka, 1901–1983

Mwanza ulikua kuwa mji chini ya utawala wa Wajerumani. Hata hivyo njia yake ya kwanza ya kisasa kwenda baharini ilijengwa na Waingereza. Reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa, ilifika ziwani mwezi Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence na ambapo leo ni Kisumu. Meli za ziwani zikaunganisha Kisumu na bandari nyingine za ziwa, Mwanza ikiwamo. Ngozi, karanga na pamba za Usukuma zikapakiwa melini Mwanza, zikavuka maji hadi kwenye himaya nyingine, zikapanda treni na kushukia Mombasa. Bagamoyo na Dar es Salaam, bandari za koloni lenyewe, zilipitwa kando.

Jambo hili lisishangaze. Mzigo haufuati bendera, hufuata gharama. Kutoka Mwanza hadi Tabora na kuendelea pwani kulikuwa na mwendo mrefu wa mabega ya wapagazi, na tani moja kwa mabega ilizidi kwa mbali bei ya tani moja kwa meli na reli. Wajerumani walilielewa hilo. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, lakini tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928 tu, Waingereza wakiwa ndio watawala. Tangu hapo Mwanza ikawa na njia mbili za kutokea: ya ziwa na Kisumu hadi Mombasa, na ya reli na Tabora hadi Dar es Salaam.

Mwezi Februari 1977, katika kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mpaka kati ya Tanzania na Kenya ulifungwa, nao haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa takriban miaka saba hiyo ziwa halikukauka, gati la Kisumu halikubomolewa, wala reli ya kwenda Mombasa haikung'olewa. Njia ilikuwapo vile vile ilivyokuwa tangu 1901. Kilichoondolewa ni ruhusa. Mzigo wa Mwanza ukabaki na njia ya Tabora, na pale njia hiyo iliposhindwa kuubeba, ukasubiri.

Historia hii inatoa kanuni tatu. Njia bora ni ile yenye gharama ndogo, si lazima iwe fupi. Penye njia mbili, moja ikipotea nyingine hushika nafasi yake. Na njia iliyopo kwa maumbile yake yaweza kuwa haipo kwa amri. Kanuni hizo tatu ndizo zinazotawala safari ya pakiti.

4.0 Kirongozi wa mtandao, na bawabu aliyezaliwa nyumbani mwake

Itifaki ya IP, iliyochapishwa katika umbo lake la toleo la nne mwezi Septemba 1981, ilibuniwa kwa fikra ya kirongozi. Ujumbe hukatwa vipande, kila kipande kikaandikwa anwani ya kitokako na ya kiendako, kisha kikaachwa kisafiri. Vifaa viitwavyo ruta hukaa katika kila njia panda. Ruta haiijui njia nzima. Ina jedwali linaloeleza kwamba anwani zianziazo hivi zipitie mlango huu, na zianziazo vile zipitie mlango ule. Kila inapopitisha pakiti hupunguza moja katika hesabu ya uhai wake, ili pakiti iliyopotea isizunguke milele.

Sehemu ya mwanzo ya anwani inayotumika katika jedwali hilo huitwa, kwa Kiingereza cha mafundi, kwa neno lile lile ambalo wanaisimu wa Kiswahili wamezoea kulifasiri kuwa "kiambishi awali". Ulinganifu huu unasaidia. Msomaji aonapo vi- mwanzoni mwa vitabu hujua upatanisho utakaofuata hata kabla ya kuwaza kitabu chochote. Ruta nayo, ionapo kiambishi cha anwani, hujua mlango wa kutolea pakiti bila kukijua kompyuta kilichoko mwisho wa safari. Tofauti ni kwamba viambishi vya anwani huweza kuingiliana. Jedwali laweza kuwa na mstari unaosema "10.20 yote ipitie mlango wa kwanza" na mwingine unaosema "10.20.5 ipitie mlango wa pili". Pakiti iendayo 10.20.5.17 inaafiki mistari yote miwili, na sheria ni kwamba kiambishi kirefu zaidi hushinda, kwa kuwa kinaeleza mahali kwa umahususi zaidi. Mwisho wa jedwali huwa kuna mstari usio na kiambishi chochote, unaopokea kila kilichokosa mwenyewe. Huo ndio njia ya kawaida, na kwa taasisi nyingi ndiyo njia ya kwendea ulimwengu mzima wa nje.

Gharama nayo huhesabiwa. Viambishi vinapolingana kwa urefu, ruta huchagua njia iliyopewa gharama ndogo. Wakazi wa Mwanza wanalijua jambo hili kwa miguu yao. Kwa miaka mingi msafiri wa Sengerema alichagua kati ya kivuko cha Kamanga, kinachoanzia mjini, na kivuko cha Kigongo–Busisi kilichokuwa kusini zaidi, akipima foleni, nauli na mahali hasa aendako. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, Sengerema haikuhama. Iliyobadilika ni gharama ya mstari mmoja katika jedwali la wasafiri.

Kwa miaka kadhaa ya mwanzo, mtandao huu ulikuwa na virongozi wengi na mabawabu wachache mno. Tarehe 2 Novemba 1988, programu iliyojinakili yenyewe, iliyoandikwa na mwanafunzi Robert Morris wa Marekani, ilisambaa na kulemaza maelfu ya kompyuta. Njia zilikuwa wazi, na hakuna aliyeuliza ruhusa. Mwaka uliofuata Jeffrey Mogul wa kampuni ya Digital alieleza namna mashine inayopitisha pakiti inavyoweza kupewa pia orodha ya kanuni za kukubali na kukataa. Hivyo bawabu alizaliwa ndani ya nyumba ya kirongozi: kifaa kilichokuwa kikipitisha pakiti ndicho kilichofundishwa kuzikagua.

Mabawabu wa kwanza hawakuwa na kumbukumbu. Kila pakiti ilipimwa peke yake, kana kwamba haikuwahi kutanguliwa na nyingine. Mwaka 1994 kampuni ya Check Point ya Israel iliuza programu iliyotunza daftari la mazungumzo: aliyetoka kwa ruhusa hukumbukwa, na jibu lake hukubaliwa lirudipo. Mwezi Januari 2001 uwezo huo uliingia katika kiini cha Linux toleo la 2.4, mfumo huria ambao taasisi yenye fedha kidogo ingeweza kuutumia bila kununua leseni.

5.0 Safari ya pakiti moja

Ili mpangilio wa maamuzi uonekane, ichukuliwe taasisi ya kufikirika ya elimu iliyoko Mwanza. Ukuta wake wa moto una milango minne: mmoja wa mtandao wa ndani wenye anwani za 10.20, wa pili wa seva za hadhara zenye anwani za 10.30.1, na miwili ya nje, kila mmoja kwa kampuni yake ya intaneti. Kifaa cha namna hii hakina budi kuwa ruta, kwa kuwa kila mlango wake ni mtandao tofauti, na pakiti haivuki kutoka mtandao hadi mtandao bila kuelekezwa. Vipo vifaa vinavyochomekwa katikati ya waya na kukagua bila kuelekeza, lakini kilicho kwenye mpaka wa taasisi kwa kawaida hufanya yote mawili.

Mwanafunzi aliye bwenini, kwenye anwani 10.20.5.17, anaomba ukurasa kutoka seva ya mbali. Pakiti inapoingia, kifaa huangalia kwanza daftari: je, hii ni sehemu ya mazungumzo yaliyokwisha kukubaliwa? Kwa kuwa ni ya kwanza, jibu ni hapana. Kifaa kinatazama jedwali la njia na kukuta kwamba anwani iendayo haina kiambishi mahususi. Itafuata njia ya kawaida, kwa mlango wa nje wa kwanza. Ni baada ya mlango wa kutokea kujulikana ndipo kanuni za ruhusa husomwa, maana kanuni zimeandikwa kwa milango: kutoka ndani kwenda nje, huduma ya kurasa za wavuti, ruhusa. Kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayoafiki ndiyo hutekelezwa. Mwishoni anwani ya ndani hubadilishwa kuwa anwani ya hadhara ya taasisi, kwa kuwa anwani zianziazo na 10 zilitengwa kwa matumizi ya ndani, na ruta za intaneti hazina njia ya kuzirudishia jibu. Mazungumzo yanaandikwa daftarini, na pakiti inatoka.

Mgeni wa nje anayetafuta seva ya taasisi huja kwa utaratibu unaotofautiana katika jambo moja muhimu. Pakiti yake imeandikwa anwani ya hadhara ya taasisi, ambayo ni anwani ya ukuta wenyewe. Kwa hiyo anwani iendayo hubadilishwa kuwa ile ya seva, tuseme 10.30.1.8, kabla jedwali la njia halijatazamwa. Ingebadilishwa baadaye, kifaa kingedhani pakiti imefika mwisho wa safari, nacho kingeipokea chenyewe. Anwani ya kwendea hubadilishwa kabla ya uamuzi wa njia, na anwani ya kutokea baada yake. Mpangilio huo haubadiliki ovyo, kwa kuwa kila hatua hutegemea iliyotangulia.

Katika utaratibu huu ile kanuni ya misafara imerudi: njia hutangulia, na njia ndiyo inayoamua ni lango lipi litakaloulizwa. Fundi asiyeitambua hupoteza siku nzima. Ukurasa haufunguki, naye anaongeza kanuni ya kuruhusu; haufunguki tena, naye anaongeza nyingine iliyo pana zaidi, mpaka lango limebaki wazi kwa kila mtu. Tatizo kumbe lilikuwa mstari uliokosekana katika jedwali la njia. Ruhusa bila njia haifikishi pakiti popote, na njia bila ruhusa vile vile.

Zipo hali ambapo kazi mbili hizo hugongana. Taasisi ikiwa na kuta mbili kwenye milango miwili ya nje, ombi laweza kutokea kwa mmoja na jibu likarudi kwa mwingine. Ukuta wa pili hauna habari za ombi hilo katika daftari lake. Kwake jibu ni mgeni asiyealikwa, naye hulitupa. Hakuna kilichoharibika, ila forodha ya kuingilia haina hati zilizoandikwa kwenye forodha ya kutokea. Vilevile kifaa chaweza kuagizwa kukagua kama pakiti imeingia kwa mlango ule ambao jibu lake lingetokea, ili kunasa wanaoghushi anwani. Ushauri wa kuzuia ughushi huo ulichapishwa kwa watoaji huduma mwaka 2000. Hapo bawabu anatumia maarifa ya kirongozi. Na pale taasisi inapoamuru kwamba ofisi ya mitihani ipite kampuni ya kwanza na mabweni yapite ya pili, bila kujali anwani iendayo, kirongozi anatii sera ya bawabu.

6.0 Mwanza katika mkongo

Ruta na kuta hizo zote hutegemea njia kubwa zilizoko nje ya taasisi. Kabla ya 2009 mawasiliano ya intaneti ya Tanzania na ng'ambo yalitegemea sana setilaiti, kwa gharama kubwa na kwa ucheleweshaji wa kwenda angani na kurudi. Mwezi Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi ukiwa na kituo Dar es Salaam na kingine Mombasa, na mwaka 2010 ukafuatwa na EASSy. Katika miaka hiyo hiyo serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, uliosafirisha uwezo huo kutoka pwani hadi mikoani, Mwanza ikiwamo. Vituo vya kubadilishana mawasiliano vilivyoanzishwa Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko vilitatua tatizo ambalo wafanyabiashara wa 1901 wangelielewa mara moja: bila kituo cha ndani, ujumbe wa kutoka kampuni moja ya Kitanzania kwenda nyingine ungeweza kuvuka bahari, ukabadilishwa mikono Ulaya au Marekani, kisha ukarudi.

Matukio mawili ya karibuni yanaonyesha kwa nini tofauti kati ya njia na ruhusa si suala la mafundi pekee. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Ruhusa ilikuwapo, njia ndiyo iliyokosekana, na mawasiliano yaliyobaki yalibanana katika njia mbadala zilizokuwa nyembamba. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote kwa siku kadhaa. Na miaka mitano kabla, wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020, mitandao kadhaa ya kijamii ilizuiwa. Katika matukio hayo mikongo haikuwa imekatika. Ilikuwa ni 1977 ya pili: maji yapo, gati lipo, ruhusa haipo.

Kwa mwenye simu yake Kirumba au Nyegezi, hali zote hizo zilionekana sawa: ukurasa haukufunguka. Hata hivyo lugha ya mashine yenyewe haizichanganyi. Itifaki ya kupeana taarifa za hitilafu ina ujumbe mmoja wa kusema kwamba mtandao unaotafutwa haufikiki, na una ujumbe mwingine, uliowekwa katika masharti ya ruta ya mwaka 1995, wa kusema kwamba kupita kumekatazwa na mwenye mamlaka. Wa kwanza ni wa kirongozi, wa pili ni wa bawabu. Ila bawabu ana hiari ya tatu: kuitupa pakiti bila kusema lolote. Mafundi wengi huipenda kwa sababu za usalama, kwa kuwa mvamizi asiyejibiwa hajifunzi kitu. Lakini kimya hicho humnyima pia mtumiaji halali nafasi ya kujua kama amekosa njia au amenyimwa ruhusa.

7.0 Suala la istilahi

Kiswahili kimekuwa na vyombo vya kukuza istilahi kwa muda mrefu: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliyoanzishwa 1964, na Baraza la Kiswahili la Taifa tangu 1967. Katika taaluma ya kompyuta, mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisini kwa Kiswahili mwaka 2004, na ukalazimika kutafuta maneno mamia ambayo hayakuwapo. Njia za kuyapata ni zile zijulikanazo: kutohoa, kama kompyuta, kuunda kwa kuunganisha, kama tarakilishi, kutafsiri neno kwa neno, kama ukuta wa moto, na kupanua maana ya neno lililopo, kama mkongo.

Njia hiyo ya mwisho imetumika kidogo mno kwa vifaa vya mpakani. Lugha iliyokua kwa biashara ya bahari na misafara haina uhaba wa maneno ya kuvuka: forodha, bandari, lango, rubani, hongo, kirongozi, bawabu. Bawabu hukaa mlangoni, huuliza, hukumbuka waliotoka, na huamua. Ukuta haufanyi hata moja kati ya hayo. Pingamizi lipo, nalo ni la kisarufi. Anayesema "bawabu amekataa" anatumia upatanisho wa viumbe hai, na hivyo anaipa mashine hiari isiyokuwa nayo, ilhali kanuni ziliandikwa na mtu. Pingamizi hili ni la haki, lakini haliliokoi neno "ukuta", ambalo linamficha mtu huyo kabisa. Bawabu angalau ana mwajiri, na msikilizaji atauliza ni nani aliyemwagiza.

Hata kama istilahi haitabadilika, sarufi ya Kiswahili ina hazina nyingine. Wazungumzaji hutofautisha "mtandao umekatika" na "mtandao umekatwa". Katika kauli ya kutendeka jambo limetokea bila mtenda kutajwa wala kudokezwa, katika kauli ya kutendwa mtenda yupo hata asipotajwa, na swali "na nani?" linasubiri jibu. Tofauti ya herufi chache mwishoni mwa kitenzi inabeba tofauti ile ile iliyomo kati ya Mei 2024 na Oktoba 2025, kati ya mstari uliokosekana katika jedwali la njia na kanuni iliyoandikwa katika orodha ya ruhusa. Msemaji wa kampuni au wa mamlaka anayeeleza kuwa huduma "hazipatikani" amechagua umbo linaloacha swali hilo bila jibu, na mwanafunzi wa lugha ana haki ya kulitambua.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba kifaa kiitwacho ukuta wa moto hufanya kazi mbili kwa mpangilio maalumu: huchagua njia kwa kiambishi kirefu zaidi na gharama ndogo, kisha husoma kanuni za ruhusa zilizofungamanishwa na njia hiyo. Kazi hizo zilikuwa mikononi mwa watu tofauti katika misafara ya karne ya 19, na katika historia ya Mwanza zimeonekana zikitengana kila mara: mzigo uliofuata gharama hadi Kisumu baada ya 1901, njia ya pili iliyopatikana 1928, ruhusa iliyoondolewa 1977. Katika mitandao ya leo kazi hizo zimekusanywa ndani ya kifaa kimoja, na aghalabu mikononi mwa mwenye mamlaka mmoja, jambo linalofanya iwe rahisi kumficha bawabu nyuma ya kirongozi.

Kazi iliyobaki kwa wanaistilahi ni kuupima upya msamiati wa mitandao kwa kipimo cha utendaji, si cha tafsiri. Kazi iliyobaki kwa walimu wa kompyuta wanaofundisha kwa Kiswahili ni nyepesi zaidi: kumzoeza mwanafunzi, kila pakiti isipofika, aulize kwanza kama njia imekatika, kisha aulize kama imekatwa, na na nani.